Mtu mzima na ukili: afundishwe kufumua kwanza

Madarasa ya ukili, ule utepe wa majani unaosukwa na kisha kushonwa kuwa mkeka, kwa watu wazima, Unguja na Pemba, huanza yakijaa. Baada ya wiki chache wanabaki wale wale waliokwisha kujua kusuka tangu makwao. Lawama huangushiwa wanafunzi: hawana subira, mikono imeshakuwa migumu, akili iko kwenye simu. Mimi lawama naipeleka kwenye mpangilio wa somo.

Fundi aliyejifunza kwa bibi yake akiwa mtoto hakuwahi kufundishwa kufumua. Alipokosea, bibi aliuchukua ukili, akaurudisha nyuma hatua chache, akamrejeshea mkononi bila ya maelezo. Mtu mzima anayekuja darasani mara mbili kwa wiki hana bibi huyo nyumbani. Akikosea usiku, taa hafifu na mtoto analia, hajui arudi mpaka wapi. Ule ukili unapandishwa juu ya kabati na habari yake inakwishia hapo.

Kwa hiyo siku ya kwanza usimpe chane tupu, yaani majani yaliyochanwa membamba na bado hayajasukwa. Mpe ukili wa shibiri mbili uliokwisha kusukwa, uliokosewa makusudi pahala pamoja, na kazi yake iwe kuufumua mpaka penye kosa. Akishapaona na kupafikia, aendelee kusuka kutoka hapo. Hapo anasuka akiwa tayari anaijua njia ya kurudi.

Chane saba

Ukili wa kujifunzia uwe wa chane 7, za miyaa (majani ya mkoma), upana wa milimita 8 hivi kila moja. Miyaa ni mipana na ina nguvu kuliko ukindu (majani ya mkindu), haipasuki kwa mkono usiozoea. Ukili wake utatoka na upana wa karibu sentimita 4. Chane 3, msuko wa nywele, haufai kufundishia: kila mwanamke anaujua, na hauonyeshi mpango wa juu na chini ambao ndio roho ya ukili. Chane 5 zinafaa, lakini kingo zake huja karibu mno na kati, mwanafunzi hapati nafasi ya kuona.

Chane 6 ziwe nyeupe na moja iwe nyeusi. Zifunge kwa uzi kwenye ncha nene, zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu, na zisiwe na urefu mmoja. Zikiwa sawa zote zitakwisha pamoja, na pale zitakapoungwa ukili utavimba na kukatika. Ncha iliyofungwa ibanwe kwa dole gumba la mguu au ifungwe kwenye mguu wa kigoda.

Zigawe: 4 kushoto, 3 kulia. Jani lina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Zile 4 za kushoto zilaze uso juu, zile 3 za kulia mgongo juu. Sababu yake itaonekana. Sasa ichukue ya nje kabisa upande wa kushoto, ikunje kuja ndani, ipite juu ya jirani yake, chini ya inayofuata, juu ya ya tatu, itokee katikati na kujiunga na upande wa kulia. Upande wa kulia sasa una 4. Fanya vile vile kutoka kulia: ya nje kabisa, ikunje, juu, chini, juu, ijiunge na kushoto. Hakuna zaidi ya hapo. Upande wenye 4 ndio unaotoa, upande wenye 3 ndio unaopokea, na kila hatua zinabadilishana.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa kila fundi aiseme mpaka ichoshe: *upande wenye nne, ya nje ndiyo ijayo, ya ndani ndiyo iliyopita.* Mwanafunzi akiitwa jikoni, akienda kuswali, akirudi kesho yake, hana haja ya kukumbuka alipoishia. Anahesabu. Upande wenye 4 ndiko kazi iliko. Akitaka kuendelea, anashika ya nje. Akitaka kufumua, anashika ya ndani kabisa ya upande huo huo na kuirudisha ilikotoka, yaani nje kabisa ya upande wa pili. Akishairudisha, upande wa pili ndio wenye 4, na anafumua tena kwa kanuni ile ile. Ukili wote unaweza kurudi mpaka kwenye fundo bila ya chane kuchanganyika.

Ile nyeusi ina kazi yake. Kwenye ukili wa chane 7 kila chane huchukuliwa mara moja katika hatua 7. Basi nyeusi ikishapita, zinapita nyeupe 6, kisha nyeusi tena, safari hii kutoka upande wa pili. Ikija mapema au ikichelewa, kuna chane imerukwa, na mwanafunzi anajua kabla hata jicho halijaona kasoro. Kwa mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka, kuhesabu kunamwokoa kuliko kutazama. (Miwani ya kusomea, zile za bei ndogo zinazouzwa madukani, iwepo darasani jozi mbili tatu. Wapo wanaoacha kuja kwa sababu hawaoni, na hawatasema kwamba hawaoni.)

Na ule uso na mgongo: kila chane inapokunjwa ukingoni inageuka. Kwa hivyo zinazokwenda kulia zote huonyesha upande mmoja wa jani, zinazokwenda kushoto zote huonyesha mwingine. Ukitazama ukili mzuri juani utaiona tofauti hiyo hata bila rangi. Chane moja ikionyesha mgongo kati ya nyuso, haikukunjwa, imepindishwa tu. Pale ukingo hufura na mshono baadaye hautalala.

Yanayoharibika

Kasoro inayokuja mwanzo kabisa ni ukili kupinda. Mkono mmoja unavuta kuliko mwingine, na ukili unaelekea upande uliobanwa. Mwanafunzi hauoni kwa sababu ameushika karibu na macho. Kila baada ya shibiri moja aulaze sakafuni kwenye mstari wa sakafu au ukingo wa mlango, autazame kwa mbali. Ukianza kupinda, kufumua hakusaidii kama mkono ni ule ule. Abadilishe mahali pa kuvutia. Avute chane *baada* ya kutokea katikati, kwa vidole viwili tu, na si wakati inapita. Anayevuta inapopita huvuta pia jirani zake.

Mianya kati ya chane hutokana na maji. Chane zilowe kidogo ziwe laini, hilo ni kweli, lakini wanafunzi huzitia kwenye ndoo na kuziacha. Jani lililolowa sana hufura. Unalisuka likiwa nene, linakauka, linarudi wembamba wake, na ukili uliokuwa umebana leo kesho kutwa unapitisha mwanga. Dawa ni kitambaa kilicholowa na kukamuliwa: zifunge chane ndani yake nusu saa kabla ya kusuka, toa chache chache. Ukavu nao una alama yake. Chane inapasuka kwa urefu pale inapokunjwa ukingoni, na inatoa sauti.

Kuunga ni kwa kulaza chane mpya juu ya ile inayokwisha, ncha nene mbele, zipite pamoja kwa vipito vinne au vitano kabla ya kuacha ile ya zamani. Mikia yote itokee upande mmoja, ule utakaokuwa chini, na ikatwe baada ya ukili kukauka kabisa. Ikikatwa mapema hurudi ndani na kuchomoka. Viungo viwili visikae pamoja. Mwanafunzi anayeogopa kuunga husubiri mpaka chane ibaki ncha tupu, na ncha haina nguvu ya kubana. Afundishwe kuunga ikiwa bado urefu wa kiganja umebaki.

Kosa la hesabu, juu-juu badala ya juu-chini, huonekana kama jicho moja refu la msuko katikati ya macho madogo. Darasa zima likae dakika kumi kuyatafuta macho marefu kwenye kili za wenzao. Hapa panahitaji adabu, na nitalirudia chini.

Kimkeka cha sahani

Fundi wengi humpeleka mwanafunzi moja kwa moja kwenye mkeka, au wanampa ukili asuke, asuke, asuke bila ya kuona kitu. Yote mawili yanachosha. Kazi ya kwanza iwe kimkeka cha kuwekea sahani, sentimita 20 kwa 30. Kwa ukili wa sentimita 4 kinahitaji mita 1.5, pamoja na hasara ya kukata sema mita 1.8. Chane za nusu mita zitakwenda kama 50, na zile zitakazoharibika humo humo. Mtu anayekuja mara mbili kwa wiki anakimaliza ndani ya mwezi, mara nyingi kabla.

Nakipenda kwa sababu kinashonwa kama mkeka mkubwa hasa: kwa kuzungusha. Ukili hauukati vipande. Unauzungusha, ukingo wa mzunguko wa pili ukikaa kando ya ukingo wa mzunguko wa kwanza, unashona huku unazungusha, mpaka unapata mfuko ulio wazi juu na chini. Kwa kimkeka hiki mzunguko uwe sentimita 30 na kidogo. Zungushia kopo la maziwa ya unga la ukubwa huo ili mikono iwe huru. Shazia, au sindano ya gunia ikikosekana, inapita chini ya kikunjo cha ukingo wa chini, kisha chini ya kikunjo cha ukingo wa juu, kwa zamu, bila ya kutoboa jani. Uzi ni ukindu uliosokotwa. Watu wanatumia naili siku hizi, na inadumu, ila inakata ukingo wa jani ikivutwa sana.

Mshono ukibana kupita kiasi, mfuko unakuwa na kiuno. Ukilegea, ukingo mmoja unapanda juu ya mwenzake. Kila mzunguko mmoja ukikamilika, ingiza kiganja ndani na ukunjue mfuko utazame.

Kisha kukata, na hapa ndipo wanafunzi wanaposhika roho. Macho yanataka kukata wima kufuata mfuko. Usikate hivyo. Ukili umezunguka kwa mshazari, kwa hivyo anza pale ncha ya kwanza ya ukili ilipo, na ukate kwa pembe mraba na mishono, hata kama mkato unaonekana kwenda upande juu ya mfuko. Ukiufungua, mishono yote italala sambamba na kingo na pembe nne zitakuwa mraba. Aliyekata wima anapata kimkeka kilichokaa mshazari na hakuna pindo litakalokinyoosha.

Kabla ya mkasi kugusa, shona mistari miwili ya uzi kila upande wa mahali pa kukata, ikiachana sentimita moja. Ukikata bila ya mistari hiyo chane zinaanza kufumuka zenyewe, na huku kufumuka hakuna kanuni. Ncha zilizokatwa zikunjwe nyuma na kufunikwa kwa ukili mwembamba wa pindo.

Bamvua, karafuu, na umri

Ratiba ya "kila Jumatatu na Jumatano" haifanyi kazi kwenye vijiji vya pwani. Wanawake wa Paje, Bwejuu au Jambiani wanaolima mwani huenda pwani wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanapokupwa sana. Siku hizo maji hutoka asubuhi kuelekea mchana na mtu anarudi amechoka, vidole vimelowa chumvi. Vidole vilivyolainika kwa maji ya bahari hukatwa na ukingo wa jani upesi. Panga darasa siku za maji mafu, yasipokupwa sana. Litaruka siku za wiki, lakini watu watakuwepo, na kalenda ya mwezi wanaijua kuliko ya ukutani.

Pemba kuna karafuu. Msimu ukiingia, mikono yote iko mashambani na kwenye kuchambua, na hakuna somo litakaloshindana na karafuu. Bora kuzitumia: zinaanikwa juu ya majamvi, na jamvi ni miyaa mipana ya kusukwa haraka. Darasa linalomaliza majamvi mwezi mmoja kabla ya msimu lina mnunuzi mlangoni. Ramadhani, nusu ya darasa huomba lisimame na nusu huomba lihamishiwe usiku. Usiku bila ya taa nzuri ni kazi bure kwa anayejifunza.

Mahali bora ni barazani, mwanga ukitokea ubavuni, na wanafunzi wasizidi 6 kwa fundi mmoja. Fundi asikae akiwakabili. Anayetazamana na fundi huona kushoto kwake kuwa kulia, na mtu mzima atajitahidi kugeuza kichwani mpaka achoke. Akae katikati yao, wote wakitazama upande mmoja, au awape mgongo kidogo wamwangalie mikono juu ya bega. Wenye magoti mabovu wapewe kigoda. Kukaa chini miguu imenyooshwa ni desturi nzuri, si sharti la kusuka.

Sasa ile adabu. Mara nyingi anayefundisha ni mdogo kuliko anayefundishwa. Bi mkubwa wa miaka 60 hasahihishwi mbele za watu na msichana wa 30, hata kama ukili wake umepinda waziwazi. Fundi mdogo aamkie kwanza, shikamoo yake iwe kamili, kisha aseme, "Bi, naomba tuutazame pamoja," aushike ukili kwa mikono miwili na amwachie mwenyewe kosa alione. Njia salama zaidi ni ile ya macho marefu: kila mtu anakagua ukili wa jirani wa kulia, wote kwa wakati mmoja, na makosa yanakuwa ya darasa. Kwa hilo ule ukili uliokosewa makusudi wa siku ya kwanza umeshawazoesha: kosa limekuwa sehemu ya somo, halina aibu ya mtu.

Darasa likiwa na fundi mzee anayejua kila kitu kwa mkono na hawezi kukieleza, usimlazimishe aeleze. Asuke, na pembeni awepo mtu wa kuhesabu kwa sauti: juu, chini, juu. Mara nyingi fundi mwenyewe hushangaa kusikia kwamba anachofanya kina hesabu. Anayejifunza asiandike kwenye daftari mwanzoni. Mikono miwili inahitajika yote, na wasiosoma vizuri hujitenga mara wanapoona kalamu.

Majani

Kukata, kuanika na kutia rangi nimekuweka nyuma kwa makusudi. Fundi wengi huanza hapa, "ajue kinakotoka," na wiki mbili zinapita mwanafunzi hajashika ukili. Wape chane tayari. Wakishashona kimkeka, watauliza wenyewe kwa nini zao hupasuka na za fundi hazipasuki, na ndipo wapelekwe shamba.

Ukindu mzuri ni kuti changa la kati ambalo halijafunguka. Kwenye shina moja chukua moja, acha linalofuata; ukikata kiini chenyewe shina hilo limekwisha. Kwenye hifadhi kama Ngezi na Jozani hakuingiwi na kisu bila ya ruhusa. Majani huchanwa yakiwa mabichi, uti wa kati unatolewa, kisha huanikwa mpaka ukijani utoke na yawe na rangi ya maziwa. Yasilale nje yakinyeshewa: jani lililolowa mvua likiwa nusu kavu hupata koga, na madoa yake meusi hayatoki hata kwa kuchemsha. Kwa hivyo majani ya kutumia wakati wa masika yakaushwe kabla, yafungwe mafungu na kutundikwa juu, mbali na sakafu.

Upana wa chane ndio unaoamua ukili. Piga sindano mbili kwenye kibao, ziachane milimita 5, ukivuta jani juu yake chane zote zitatoka sawa. Vidole vya fundi mzee havihitaji kibao. Vya mwanafunzi vinahitaji.

Rangi za unga za dukani: kwa fungu la chane 200, maji lita 3, vijiko viwili vya chai vya rangi, kijiko cha chakula cha chumvi, zichemke dakika 30 hadi 45 zikigeuzwa, kisha zipoe humo humo. Sufuria hiyo isirudi jikoni. Manjano ya kupikia yanatia rangi nzuri ajabu na jua linaila upesi. Mzingefuri nao hufifia juani. Vyote viwili vinafaa kwa kawa ya kufunikia chakula au kitu cha ndani, na mnunuzi aambiwe. Chane za rangi zisuuzwe mpaka maji yawe meupe kabla ya kusukwa pamoja na nyeupe, la sivyo siku ya kwanza mkeka ukifutwa nyeupe zinakuwa waridi.

Baada ya kimkeka, wahamie ukindu wa milimita 5 na chane 13. Kanuni ni ile ile, ila sasa ni 7 na 6, na ya nje hupita juu ya mbili, chini ya mbili, juu ya mbili. Upande wenye saba, ya nje ndiyo ijayo, ya ndani ndiyo iliyopita. Ukili unatoka karibu sentimita 4.5, na msuko wake unalala vizuri kuliko ule wa 7.

Watakapouliza mkeka lini, wapigie hesabu bila ya kuwaficha. Mkeka wa mita 1.2 kwa 1.8 unataka ukili wa mita 48, sema 50 pamoja na kukata. Kila mita inakula chane kama 60 za sentimita 35, kwa sababu chane inakwenda mshazari na sehemu yake inapotea kwenye kuunga. Hizo ni chane 3,000. Peke yake mtu anayeanza atakata tamaa. Wanane wakigawana, kila mmoja mita 6 na robo, mkeka unashoneka, kwa sharti kwamba chane zote zimechanwa kwenye kibao kimoja na kila ukili umepimwa upana kabla ya kuunganishwa. Ukili uliobana ukifuatwa na uliolegea, mshono utakunjamana pale pale vilipokutana. Zipangeni kutoka uliobana zaidi kwenda uliolegea zaidi, tofauti igawanyike kidogo kidogo kwenye mkeka mzima, na mwenye ukili uliolegea kupindukia, Bi mkubwa au msichana, apewe kazi ya pindo.